Nimefungua DVR ya CCTV, naombeni mnieleweshe vilivyomo ndani

binti_kihonda:
Wakuu habari za jioni. Dukani kwa mama hapa Morogoro tuna DVR ya CCTV ya chaneli 4, yaani mashine ya kurekodi picha za kamera nne, ile ya kawaida ya boksi jeusi la bati, imekaa juu ya kabati miaka mingi hakuna aliyewahi kuigusa. Juzi umeme ulikatika ukarudi, tangu hapo imegoma. Ukiichomeka taa ya mbele inawaka, unasikia diski inataka kuzunguka, halafu kimya, halafu inaanza upya, hivyo hivyo mpaka unachoka unaichomoa. Fundi kaja kaiangalia kasimama mlangoni, hata hakuifungua, akasema bodi imekufa tununue nyingine.

Mimi sijaridhika kwa kweli. Nikachukua bisibisi ya nyota nikatoa skrubu za pembeni na za nyuma nikavuta mfuniko. Nilitegemea nikute mavitu mengi kumbe zaidi ya nusu ya boksi ni uwazi mtupu. Kuna bodi moja ya kijani imekaa upande wa nyuma, soketi za kamera zimechomelewa moja kwa moja kwenye hiyo bodi, katikati kuna kipande cha aluminiamu chenye mapezi kimegandishwa juu ya chipu, karibu yake kuna chipu mbili nyeusi zinazofanana, halafu kimoja kidogo cha miguu 8, betri ya duara kama ya saa, na pini nne zimesimama tu hazijachomekwa kitu. Diski imefungwa chini ya boksi kwa skrubu 4, inatoka nayo waya mbili kwenda kwenye bodi, moja bapa nyekundu na nyingine ya rangi rangi. Vumbi ndo usiseme, na kwenye kona kuna maganda ya mayai ya mjusi.

Naomba mtu anayejua anieleweshe kila kitu hapo kinafanya kazi gani, maana nataka kuelewa sio kurekebishiwa tu. Na je ni kweli bodi imekufa? Halafu kuna kipande cha video mama anakihitaji, cha siku mzigo uliopotea mlangoni, naweza kuchomeka hiyo diski kwenye kompyuta nikakitoa?

fundi_saketi:
Dada hongera kwa kuifungua, na usinunue nyingine kwanza. Dalili ulizotaja mara nyingi sana sio bodi, ni adapta. Chomoa waya zote mbili za diski, acha bodi peke yake, unganisha tivii au monita halafu washa. Ikiwaka mpaka ikaleta picha za kamera basi bodi ni nzima, mgonjwa ni adapta au ni diski yenyewe.

Sababu ni hii. Hizo DVR ndogo zinakuja na adapta ya volti 12 ampia 2. Diski ya inchi 3.5 inataka umeme wa aina mbili, volti 12 za kuzungusha mota na volti 5 za saketi yake. Mota ikiwa imesimama, kuianzisha tu inavuta karibu ampia 2 kwa sekunde chache, ikishashika mwendo inashuka chini ya ampia 1. Sasa adapta ikizeeka kapasita za ndani zinakauka, na hapa ndo mafundi wengi wanapodanganyika, maana ukiipima na multimita ikiwa haina mzigo inakusomea 12 safi kabisa, ukiweka mzigo inaporomoka mpaka 9 au 8, bodi inajizima, mzigo ukiondoka volti zinapanda, bodi inawaka tena, diski inavuta tena. Ndo huo mzunguko unaousikia. Kwa hiyo ipime ikiwa imechomekwa na diski inajaribu kuzunguka, weka ncha nyeusi kwenye bati la soketi ya kamera na nyekundu kwenye waya wa njano unaoenda kwenye diski. Waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni 5, mweusi ni negativu. Ila hakikisha kwa kupima, kuna bodi hazifuati rangi.

Kuhusu vilivyomo ndani, fuata safari ya picha, utaelewa haraka kuliko kukariri majina ya chipu.

Anzia kwenye soketi za nyuma, zile za BNC. Kamera inaleta picha kwa mawimbi ya analogi, na kama kamera zenu ni za AHD au TVI, zile analogi za kisasa, basi waya ule ule wa koaksi wa zamani unabeba mpaka picha ya 1080p. Chukua tochi uangalie nyuma ya kila soketi, utaona rezista ndogo sana imeandikwa 750 au 75R0, hiyo ni ohm 75, lazima iwepo ili mawimbi yasigonge yakarudi kwenye waya. Kutoka hapo njia za shaba za soketi zote nne zinaenda kuingia kwenye chipu moja bapa ya miguu mingi. Kazi yake ni kugeuza analogi kuwa digitali. Hii chipu ndo hufa radi ikipiga jirani, kwa sababu waya za kamera ni ndefu zinapita juu ya paa na zinaleta shoti moja kwa moja mpaka mlangoni kwake. Ukiona chaneli moja nyeusi zingine zinaonyesha, na kamera yake ukiihamishia chaneli nyingine inaonyesha vizuri, mshukiwa ni hapo.

Baada ya hapo picha inaingia kwenye hiyo chipu yenye aluminiamu juu. Hiyo ndo kubwa kuliko zote. Kwenye DVR nyingi za bei ya chini za miaka ya nyuma kama hiyo yako utakuta imeandikwa HiSilicon, kampuni ya Huawei, mfano Hi3520D, ndani yake kuna prosesa ya ARM Cortex-A9 na pia kuna sehemu maalum iliyojengwa kwa kazi moja tu, kukandamiza video kuwa H.264, mfumo unaoifanya video iwe ndogo ili isijaze diski. Hiyo sehemu ndo inayobeba mzigo wa kweli. Prosesa yenyewe ni ya kawaida sana, ukiiambia ikandamize kamera nne kwa programu tupu haiwezi, yenyewe inashughulika na menyu, mtandao, na kupanga kipi kiandikwe wapi kwenye diski.

Hizo chipu mbili zinazofanana ni RAM, kumbukumbu ya muda ikiwa imewashwa. Kile cha miguu 8 ni chipu ya fleshi, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, soma maandishi yake, mara nyingi ni 25Q128 yaani megabiti 128, ambazo ni megabaiti 16. Mfumo mzima wa DVR uko humo, menyu, lugha, kila kitu. Ndo maana DVR inawaka hata bila diski, diski ni ghala la video tu. Betri ni ya saa. Waya bapa ni SATA, sawasawa na ya kompyuta ya mezani.

Kuhusu usalama, kwa kuwa adapta yako iko nje hapo ndani hamna zaidi ya volti 12, shika bila wasiwasi ila gusa bati kwanza kuondoa umeme tuli mwilini. Lakini wasomaji wengine mnaofungua zile za chaneli 16 au 32 mjue nyingi zina pawa saplai ndani kwa ndani, humo kuna 230 ya ukutani na kapasita kubwa inayobaki na chaji ya volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa. Hiyo usiguse kama hujafundishwa.

kijana_wa_likoni:
Fundi amemaliza yote ila zile pini nne zimerukwa na kwangu mimi hizo ndizo tamu kuliko vyote hapo ndani.

Hiyo ni siriali, UART, mlango ambao bodi inaongea na kompyuta kwa maandishi. Waliotengeneza bodi waliiweka kwa ajili ya kuijaribu kiwandani na hawakuitoa. Pini moja ni negativu, moja ni volti 3.3, moja inatuma na moja inapokea. Unahitaji kile kiadapta cha USB kwenda TTL, chenye chipu ya CP2102 au CH340, maduka ya vifaa vya Arduino wanavyo na ni bei rahisi. Hakikisha ni cha volti 3.3, ukiweka cha volti 5 unaweza kuunguza mguu wa prosesa. Unganisha negativu kwa negativu, inayotuma ya huku kwa inayopokea ya kule, na kinyume chake. Pini ya volti usiiunganishe kabisa, bodi ina umeme wake. Kujua negativu ni ipi pima ikiwa imezimwa, multimita ukiiweka kwenye mlio, ile inayolia na bati la soketi ndiyo. Inayotuma ukiipima wakati inawaka utaona volti zinachezacheza kidogo chini ya 3.3.

Fungua programu ya PuTTY, weka kasi 115200, halafu washa DVR. Utaona maandishi yanaanza kumwagika. Kwanza U-Boot, programu ndogo ya kuamsha mashine, inajitaja, inataja ukubwa wa RAM na fleshi, halafu Linux, mfumo endeshi wenyewe, inaamka mstari kwa mstari, inataja chipu ya kamera kwa jina, inataja diski kama imeiona. Hapo ndipo utajua bila kubahatisha. Kama ni umeme unaanguka, maandishi yanakatika katikati ya neno na U-Boot inaanza upya. Kama fleshi imeharibika utaona inalalamika kuhusu CRC, hesabu ya kuhakiki kama data ni nzima, na kukwama hapo hapo kila mara. Kama ni diski mbovu Linux inaamka vizuri halafu inaanza kurudia makosa ya ata1, jina inaloita njia ya diski. Mtu akisema bodi imekufa bila kuangalia haya amebahatisha tu.

Halafu sisi wa pwani tuna tatizo letu, hewa ya chumvi. Ukiona rangi ya kijani kwenye miguu ya soketi au kwenye kishikilia betri, chukua mswaki laini na alkoholi ya isopropili uipitishe taratibu, uache ikauke kabisa kabla hujawasha. Hayo mayai ya mjusi pia yatoe yote, na angalia chini yake kama kinyesi hakijakula shaba.

mdau_minneapolis:
Niko Marekani huku nimeipenda sana hii mada. Nilikuwa na TiVo ya kwanza kabisa, ile iliyotoka 1999 ya Philips, niliipata kwenye duka la mitumba, na ukiisoma maelezo ya fundi hapo juu unaona mpangilio ni ule ule, tofauti ni miaka tu. TiVo ilikuwa mashine ya kurekodi vipindi vya tivii kwenye diski, unasimamisha matangazo ya moja kwa moja unaenda kula unarudi unaendelea, wakati huo watu bado wanatumia kanda za VHS.

Ndani kulikuwa na prosesa ya PowerPC 403GCX ya megahetzi 54 na RAM ya megabaiti 16. Fikiria, megahetzi 54 inarekodi tivii na kuonyesha kwa wakati mmoja. Iliwezekana kwa sababu prosesa haikuwa inaigusa video kabisa. Kulikuwa na chipu ya Sony ya kukandamiza kuwa MPEG-2, chipu nyingine ya IBM ya kuifungua wakati wa kuangalia, na prosesa kazi yake ni kuelekeza data iende kwenye diski au itoke kwenye diski. Mfumo ni Linux. Diski ilikuwa ya Quantum, ya waya wa IDE wa kabla ya SATA, kwenye ile ndogo waliuza kwa kuhesabu saa na sio gigabaiti, walisema ni ya saa 14, na hizo ni saa za ubora wa chini.

Watu waligundua mapema sana kwamba unaweza kuitoa diski, ukaichomeka kwenye kompyuta yenye Linux, ukainakili kwenye diski kubwa zaidi na ikakubali. Kulikuwa na jamii nzima ya watu wanaopeana maarifa hayo, wakatengeneza mpaka kadi ya mtandao ya kuchomeka kwenye bodi kwa sababu mashine ilikuwa na modemu ya simu tu. Skrubu zake zilikuwa za Torx, na pawa saplai ilikuwa wazi haina kifuniko, unafungua tu boksi unakutana nayo uso kwa uso, kwa hiyo onyo la fundi kuhusu kapasita nalirudia kwa herufi kubwa, CHOMOA NA USUBIRI.

Matoleo ya baadaye walifunga mlango, wakaweka utaratibu kwamba mashine inakagua sahihi ya Linux kabla ya kuiwasha, ukibadilisha kitu haiwaki. Programu ni huria kwa leseni lakini chuma kinakataa. Hilo liliwauma watu wa programu huria kiasi kwamba leseni ya GPL toleo la 3 ya mwaka 2007 iliwekewa masharti ya kuzuia jambo hilo. Mimi naona walikuwa na haki kuumia, kitu umekinunua kwa hela yako kiko sebuleni kwako halafu huruhusiwi kubadilisha programu yake.

binti_kihonda:
Jamani asanteni sana, nimesoma yote. Mrejesho: nimechomoa waya za diski nikawasha, DVR ikawaka yenyewe mpaka picha za kamera zote nne. Nikarudisha diski nikapima waya wa njano kama ulivyosema fundi, sindano inashuka mpaka 8 na kitu halafu inazima. Nimeazima adapta ya volti 12 ampia 3 kwa jirani na sasa inawaka na diski inazunguka vizuri. Kumbe bodi nzima kabisa!

Ila saa inaonyesha mwaka 2000 mwezi wa kwanza. Na nimetafuta kile kipande cha tarehe ya mzigo hakipo. Diski imefutika?

fundi_saketi:
Safi sana. Ampia 3 haina shida, DVR inachukua inayohitaji tu, muhimu volti iwe 12 na plagi iwe na pozitivu katikati.

Sasa nisikilize kabla hujagusa kitu kingine. USIREKEBISHE SAA kwanza, na chomoa waya za kamera zote sasa hivi ili isiendelee kurekodi juu ya vya zamani. DVR ikijaa inafuta za nyuma yenyewe, na hapo imepotea tarehe haijui ya nyuma ni ipi.

Betri ya saa imekufa. Umeme ukikatika tu saa inarudi mwaka 2000, umeme ukirudi inaendelea kurekodi lakini inaandika tarehe za uongo. Kwa hiyo kipande chenu kinaweza kuwepo ila kimekaa chini ya tarehe ya Januari 2000. Ingia sehemu ya kutafuta rekodi, weka mwaka 2000, angalia siku zote zenye alama. Mkumbuke umeme ulikatika lini kabla ya siku ya mzigo, hesabu kuanzia hapo. Ukikipata, weka simu yako inayoonyesha saa halisi pembeni ya saa ya DVR kwenye skrini, zipige picha zote mbili zikiwa pamoja kwa simu nyingine, ili kama mnapeleka polisi muweze kueleza tofauti ya saa na isionekane mmeichezea. Halafu ndo ukitoe kwa menyu ya bekapu kwenda kwenye fleshi ya USB iliyofomatiwa FAT32.

Diski usiichomeke kwenye Windows. Hizi DVR nyingi zina mpangilio wao wenyewe wa kuhifadhi, Windows haiutambui, itakuletea ujumbe wa kuomba ifomati, mtu mmoja nyumbani akibonyeza sawa mmeumia.

Ukishamaliza ndo ubadilishe betri, soma namba juu yake, itakuwa CR1220 au CR2032, ukiipima nzima inasoma volti 3 au zaidi kidogo.

neti_salama:
Naongezea moja muhimu kwa kuwa sasa mnajua humo ndani kuna Linux kamili. Kama hiyo DVR imeunganishwa na rauta ili mama aangalie kwa simu, badilisha paswedi ya kiwandani leo. Mwaka 2016 kilitokea kirusi kinaitwa Mirai, kilikuwa kinazunguka intaneti kinajaribu orodha fupi ya majina na paswedi za kiwandani kwenye DVR, kamera na rauta, kikiingia kinaigeuza mashine kuwa askari wake. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo mashine hizo zilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za intaneti, na Twitter, Netflix na tovuti zingine kubwa zikawa hazifunguki kwa masaa kwa watu wengi. Mwenye DVR alikuwa haoni tofauti yoyote, inarekodi kama kawaida.

Ubaya zaidi ni kwamba baadhi ya bodi hizo paswedi ya ndani ilikuwa imechomwa kwenye hiyo hiyo fleshi ya miguu 8, ukibadilisha kwenye menyu unabadilisha ya menyu tu, ya Linux inabaki pale pale. Kwa hiyo ingia kwenye rauta uhakikishe hakuna poti, yaani mlango wa kutoka intaneti, iliyofunguliwa kuelekea kwenye DVR, na UPnP, inayoruhusu vifaa kujifungulia poti vyenyewe, uizime. Kama hamna ulazima wa kuangalia mkiwa mbali, chomoeni waya wa mtandao kabisa, itarekodi vile vile.

binti_kihonda:
NIMEKIPATA. Kilikuwa Januari 2000 kweli, mzigo na pikipiki vinaonekana vizuri. Nimeshaweka kwenye fleshi mbili za USB na picha ya saa nimepiga. Mama kafurahi mpaka kaniambia ninunue na diski mpya kwa sababu hii inalia kidogo. Ipi inafaa, na GB 500 inatosha?

fundi_saketi:
Hongera sana dada. Diski ikianza kulia usisubiri.

Nunua iliyotengenezwa kwa CCTV, WD Purple au Seagate SkyHawk, zimeandaliwa kuandika masaa 24 bila kupumzika. Ya kompyuta ya mezani itafanya kazi lakini haikuundwa kwa mwendo huo, na angalieni sana zile zilizotolewa kwenye mashine za zamani zikabandikwa stika mpya.

Ukubwa hesabu hivi. Kamera moja ya 1080p tuseme unaiwekea megabiti 2 kwa sekunde, kamera nne ni megabiti 8, ambazo ni megabaiti 1 kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo ni kama GB 86 kwa siku. GB 500 itakupa siku tano na ushee, TB 1 siku 11 na nusu hivi. Duka la mzigo ambalo mnaweza kugundua upungufu baada ya wiki, chukua TB 2, ila kwanza angalia kwenye maelezo ya DVR yako mwisho wake ni TB ngapi. Kama menyu ina kurekodi pale tu kitu kinapotikisika, weka hivyo usiku, zitaongezeka siku nyingi. Na ukifunga diski mpya kaza skrubu zote 4, mtetemo ndo unaozila.